Mtandao Watoka, Warudi: Mwongozo Kamili wa Kivinjari Kinachokatika

Mamangu mdogo anakaa Mkomani, mjini Lamu, vichochoro viwili kutoka Usita wa Mui, katika nyumba ya mawe ya zamani. Vyumba viwili vya juu hupangisha wageni, na maombi ya wageni humfikia kwenye laptopu kupitia kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Msimu mmoja wa Kusi alinipigia simu. "Mwanangu, mtandao wanitoka. Namwandikia mgeni jibu, ukurasa waganda. Nikikaa dakika tano sita, warudi wenyewe kana kwamba hakuna lililokuwa."

Nilimjibu kabla sijavaa viatu: "Ni kuta hizo, mama." Kuta za nyumba zile ni matumbawe na chokaa, unene wa karibu nusu mita, na waifai haizipendi. Nikaenda na waya wa mita 20, nikaupitisha ngazini kutoka chini ilipo rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai, mpaka juu, nikachomeka laptopu, ukurasa ukafunguka papo hapo. Nikanywa chai, nikaaga. Kesho yake usiku simu ikalia: "Umetoka tena."

Kuta hazikuwa na kosa, wala waifai. Kosa lilikuwa langu. Tatizo la kukatika na kurudi lina hila yake: hupona lenyewe. Ukizima rauta, ukafuta kache (nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea), ukahama chumba, ukasoma Kulhuwallahu mara tatu, lolote ulilofanya dakika ile mtandao uliporudi utaliona ndilo dawa. Ndiyo maana watu hununua rauta mpya kwa ugonjwa uliokuwa ndani ya kivinjari, kisha wiki ya pili wanarudi pale pale. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na dawa. Unaanza na kuukamata mkatiko ukiwa unatokea.

Hatua ya kwanza: ukurasa ukigoma, usizime kitu

Najua mkono unawasha. Uzuie kwa dakika mbili, ujibu maswali matatu tu, hapo hapo, kabla mtandao haujarudi.

Je, kwenye mashine hiyo hiyo, programu isiyo kivinjari inafanya kazi? WhatsApp ya kompyuta inatosha: tuma ujumbe, uone kama tiki zinatokea.

Je, kivinjari kingine kinafungua ukurasa ule ule? Kama unatumia Chrome, weka na Firefox kando kwa kazi hii. Kuwa na vivinjari viwili si anasa, ni kipimo.

Je, simu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo inafungua? Hapa wengi hujidanganya. Simu ikiona waifai haina uhai, huhamia data ya laini kimya kimya, nawe unasema "mbona kwa simu yafunguka". Zima data ya simu kwanza, ndipo ujaribu.

Kivinjari kimoja kikifa na vingine vyote vikiwa hai, ugonjwa umo ndani ya kivinjari hicho. Vivinjari vyote vikifa na WhatsApp ikaenda, shuku majina ya tovuti (hatua ya tano) au seva mbadala ya mashine, yule mtu wa kati wa mtandao (hatua ya tatu na ya nne). Laptopu nzima ikifa na simu ikawa hai, ni laptopu. Vyote vikifa pamoja, ni waifai, rauta au kampuni inayokuuzia mtandao.

Hatua ya pili: daftari na madirisha mawili

Mpe mwenye mashine daftari la shule na kalamu. Aandike saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, alikuwa akifanya nini, na maandishi madogo yaliyotokea chini ya ukurasa. Mama mdogo aliliweka daftari lake kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pembeni ya birika, na aliandika kwa utii kuliko vijana wote niliowahi kuwaomba.

Wewe fungua madirisha mawili yanayopima muda wote. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika:

ping -t 192.168.1.1

Fungua dirisha la pili, andika:

ping -t 8.8.8.8

La kwanza linabisha hodi kwa rauta kila sekunde. La pili linabisha kwa Google, nje ya nyumba yako kabisa. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C. Kwenye Mac au Linux huhitaji -t. Ping haikomi mpaka uikomeshe.

Yatazame kwanza wakati mtandao ni mzima, kwa sababu ziko rauta zisizojibu hodi hata zikiwa na afya. Kisha ngoja mkatiko. Rauta ikijibu na Google pia ikijibu huku kivinjari kimeganda, acha nyaya na minara, nenda hatua ya nne. Rauta ikijibu na Google ikanyamaza, tatizo liko ng'ambo ya rauta. Zote mbili zikinyamaza, tatizo liko baina ya laptopu na rauta.

Windows 10 na 11 zina siri moja nzuri pia. Fungua cmd kwa idhini ya msimamizi ("Run as administrator"), andika netsh wlan show wlanreport. Itakutengenezea ukurasa wenye historia ya waifai ya siku 3 zilizopita, kila kuunganika na kila kukatika, na saa yake. Uweke kando ya daftari, ulinganishe.

Ila tahadhari na saa! Mama mdogo aliandika "2:40 usiku", nami nikakaa natafuta 2:40 kwenye ripoti, sioni kitu, nikaanza kumshuku kizee wa watu. Mashine ilikuwa inasema 20:40. Saa za kwetu na saa za mashine zimepishana sita: 2:40 yetu ya usiku ni 8:40 yao ya usiku, na mashine inayohesabu saa 24 huiandika 20:40.

Hatua ya tatu: soma maandishi madogo

Ukurasa ukigoma kwenye Chrome, watu husoma kichwa kikubwa kinachosema hakuna intaneti, basi. Habari yenyewe iko chini, kwa herufi za kijivu.

ERR_INTERNET_DISCONNECTED, yenye yule mjusi wa kuruka miiba, ina maana mashine yenyewe haioni mtandao wowote. Ni waifai au waya, si kivinjari.

DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN au ERR_NAME_NOT_RESOLVED: jina la tovuti halikupatiwa anwani. Nenda hatua ya tano.

ERR_NETWORK_CHANGED: laptopu ilihama mtandao katikati ya safari. Mara nyingi inarukaruka baina ya rauta yako na waifai nyingine inayoijua, au VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali, inajiwasha na kujizima.

NET::ERR_CERT_DATE_INVALID: tazama tarehe ya laptopu kabla ya jingine lolote. Kwenye mashine kongwe betri ndogo ya ndani, ile ya duara kama sarafu iitwayo CR2032, ikifa, tarehe hurudi nyuma kila stima inapokwenda, na tovuti za usalama zote zinakukataa. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo.

ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED ndiyo iliyonifundisha adabu. Kichwa chake kinakwambia hakuna intaneti, na intaneti ipo. Kilichokosekana ni seva mbadala, yaani mtu wa kati ambaye kivinjari kimeambiwa kipitie kwake. Maandishi haya ndiyo aliyonakili mama mdogo, herufi moja moja, mara nne kwa siku tano, zote baada ya Isha. Na usiku wote huo madirisha yangu mawili ya ping hayakukosa jibu hata moja.

Hatua ya nne: ugonjwa ulio ndani ya kivinjari

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo watu wasipotafuta.

Anza na viendelezi, vile vijiprogramu unavyobandika kwenye kivinjari: vya kuzuia matangazo, vya kupakua video, vya VPN. Kwenye Chrome andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani. Kwenye Firefox andika about:addons. Vizime vyote. Watu hushauri kujaribu hali fiche (Incognito), kwa kuwa kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi humo, na ni jaribio la haraka zuri. Lakini kiendelezi kilichopewa ruhusa huingia hata humo, hivyo kuzima vyote ndiko kwenye hakika. Kaa hivyo kwa muda mrefu kuliko pengo la kawaida la mkatiko. Kama hukatika mara moja kwa siku, saa moja ya amani haithibitishi kitu. Kaa siku tatu. Kisha rudisha kimoja kimoja.

Kwa mama mdogo nilikuta kiendelezi cha VPN ya bure. "Hiki nani amekiweka?" Mjukuu wake, wa darasa la nane, akawa anatazama boriti za dari kana kwamba anazihesabu. Alikiweka ili atazame mpira. VPN ya aina hiyo hupitisha kurasa za kivinjari peke yake, ndiyo maana WhatsApp haikuguswa. Seva zake za bure hujaa jioni, watu wanaporudi makwao, zikizidiwa zinakataa wageni, na kivinjari kinabaki mlangoni. Baada ya dakika chache nafasi hupatikana, ukurasa hufunguka. Waya wangu wa mita 20 ungesaidia nini hapo?

Ukishaondoa VPN, usimalize. Nyingine huacha alama kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Kwenye Windows fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, tafuta seva mbadala, uhakikishe hakuna anwani iliyowashwa usiyoijua. Firefox ina mipangilio yake pembeni, mwisho wa ukurasa wa mipangilio ya jumla. Programu chafu pia hupenda kujificha hapo, kwa hiyo ukiikuta anwani ya ajabu, zima, kisha skani mashine.

Cha pili ni DNS salama (DNS ni daftari la majina ya tovuti, nalieleza hatua ya tano). Chrome na Firefox zinaweza kuuliza majina ya tovuti kwa njia yao ya siri badala ya kupitia mashine. Mtoa majina uliyemchagua akichelewa, kivinjari hicho pekee ndicho kinachokwama. Kwenye Chrome iko katika chrome://settings/security. Kwenye Firefox iko sehemu ya faragha na usalama. Izime kwa siku mbili, utazame.

Kisha antivirusi. Baadhi yake hukaa katikati ya kivinjari na tovuti kukagua kila kurasa, na zikijisasisha zinashikilia njia. Zima ukaguzi wa kurasa peke yake, si ulinzi mzima.

QUIC ni ya kujaribu ukiwa umechoka na mengine. Ni njia mpya ya usafirishaji ambayo vivinjari hutumia kwa tovuti nyingi kubwa, nayo hupita juu ya UDP, namna ya kutuma data bila kungoja risiti, ambayo mitandao mingine huibana. Dalili yake ni kwamba tovuti za Google na YouTube husuasua kuliko nyingine. Kwenye Chrome fungua chrome://flags, tafuta QUIC, izime, anzisha kivinjari upya.

Kufuta kache na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huacha ili zikukumbuke) nimekuacha mwisho kwa makusudi. Ndiyo dawa ya kwanza ya kila mtu na huponya machache: tovuti moja inayogoma, ndiyo, mtandao mzima unaokatika na kurudi, mara chache sana. Na utajikuta umetolewa kwenye akaunti zako zote. Afadhali utengeneze wasifu mpya (profile) kwenye kivinjari, uutumie siku mbili. Ukiwa mzima, wa zamani ndio mgonjwa.

Hatua ya tano: majina ya tovuti

Kompyuta haijui wikipedia.org; inajua namba. DNS ndiyo daftari linalogeuza jina kuwa namba. Mkatiko ukitokea, andika kwenye cmd:

nslookup wikipedia.org

kisha

nslookup wikipedia.org 1.1.1.1

La kwanza linauliza daftari unalotumia sasa, la pili linauliza la kampuni ya Cloudflare. La kwanza likikosa na la pili likajibu, umemaliza upelelezi. Badilisha DNS ndani ya rauta, au kwenye mipangilio ya waifai ya laptopu, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Safisha kumbukumbu ya zamani kwa ipconfig /flushdns.

Hatua ya sita: hewani, baina ya laptopu na rauta

Sasa ndipo zamu ya kuta inapofika, na Lamu kuta hazidharauliki. Nyumba za zamani zilijengwa kwa vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida chini ya mita 3, na kila chumba kina ukuta mzito nyuma yake. Waifai ikivuka kuta mbili hizo, hata mtu angechoka. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo usije na drili ukatoboa ukuta ovyo ili kupitisha waya. Tumia uwazi uliopo: ngazi, kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), madirisha.

Rauta nyingi zina mikanda miwili ya mawimbi. Ule wa GHz 5 ni wa kasi lakini huchoka upesi ukutani. Wa GHz 2.4 ni wa polepole na huvuka vizuri zaidi. Kama rauta imeipa mikanda yote jina moja, laptopu iliyo mpakani huhama huku na kule, na kila kuhama ni kukatika kidogo. Ipe majina mawili, uichagulie laptopu mmoja. Kwenye 2.4, tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa kuwa hizo ndizo zisizokanyagana.

Amuru laptopu isahau waifai zote za jirani, za mkahawani, za simu ya mgeni wa mwaka juzi. Kisha fungua orodha ya vifaa vya mashine, tafuta kadi ya waifai, ondoa alama inayoruhusu Windows kuizima ili kutunza chaji. Laptopu nyingi zinazokatika zikiwa kwenye betri na kupona zikichomekwa, ugonjwa wao ni huo.

Kadi ikiwa bado inasumbua, sasisha programu yake kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Mwisho kabisa jaribu amri ya netsh winsock reset kwenye cmd kwa idhini ya msimamizi, uwashe mashine upya.

Hatua ya saba: rauta na ng'ambo yake

Zidaka ni pazuri kwa vyombo vya kaure, si kwa rauta. Nimeziona zimefungiwa humo na kitambaa cha kutarizi juu, zina moto kama mkate wa mofa. Rauta iliyopata joto hujizima na kujiwasha; itazame taa zake wakati wa mkatiko. Itoe nje, ipate hewa. Ikiwa karibu na bahari, chomoa waya wake, uangalie meno ya shaba: chumvi ikiyala, yanakuwa ya kijani na mguso wake ni wa kubahatisha. Badilisha kichwa cha waya. Na stima ikitikisika sana, adapta huchoka kabla ya rauta. Azima nyingine yenye volti na ampea zile zile kabla ya kununua rauta mpya.

Ikiwa rauta ni ya laini ya simu, tazama bando. Likuchekeshe lisikuchekeshe, nimepanda ngazi za watu kwa bando lililokwisha.

Kuna dalili moja ya ajabu: kurasa nyepesi zinafunguka, nzito zinakwama nusu, kupakia picha hakumaliziki. Hapo shuku ukubwa wa pakiti, vile vipande ambavyo data husafiri navyo. Andika ping -f -l 1472 8.8.8.8. Ukiambiwa pakiti inahitaji kugawanywa, punguza ile 1472 kidogo kidogo mpaka ipite, ongeza 28 kwenye namba hiyo, na jumla yake uiweke kwenye rauta kama MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti.

Na ziko siku ambazo kosa liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika, mtandao ulikokota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo uliza kwanza barazani: wote wakilalamika, funga laptopu.

La sivyo, ping ya rauta ikiwa nzima na ya 8.8.8.8 ikidondoka, piga simu kwa kampuni ya mtandao ukiwa na daftari mkononi. Usiseme "mtandao unasumbua". Watakwambia uzime uwashe. Sema: "Jumatatu 20:40 hadi 20:47, rauta ilijibu, nje hakukujibu. Jumatano vivyo hivyo." Utapelekwa kwa fundi.

Waya wa mita 20 niliuacha ngazini kwa mama mdogo. Aliona aibu kunirudishia, nami niliona aibu kuuchukua. Baada ya wiki mbili nilipita kumwamkia, nikafungua daftari. Tangu kiendelezi kitolewe palikuwa na mstari mmoja tu: "Alhamisi, 2:15 usiku. Stima imekwenda. Si kivinjari."